Intaneti na TV za pamoja kwenye nyumba ya wapangaji: gawa waya, usigawe paswedi

Kama una apatimenti nane hapa Dar na kila anayekuja kuangalia chumba anauliza "waifai ipo?", usifanye nilichofanya mimi mwanzo. Nilifunga rauta moja kwenye ngazi, paswedi nikawapa wote, wiki mbili hazijaisha mpaka muuza chipsi wa nje anayo, na ikifika saa mbili usiku simu hazikatiki, eti mama intaneti imekufa.

Chukua faiba ya kifurushi cha biashara, maana vya nyumbani mikataba yake mingi hairuhusu kugawia watu wengine, na kama utawatoza hela ya intaneti peke yake pita kwanza TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, uulizie leseni. Mimi nimeiingiza kwenye kodi tu. Halafu kila nyumba ivutiwe waya wake wa intaneti wa Cat6 kutoka kwenye swichi, kile kiboksi cha kugawa waya za intaneti, upite kwenye paipu yake mbali na nyaya za umeme, usizidi mita 100. Rauta kuu iwe inayoweza kugawa spidi, MikroTik ndogo inatosha. Mimi nina spidi ya Mbps 100, kila nyumba nimeipa kikomo cha 25, ukizidisha mara nane unaona ni nyingi kuliko nilizonazo lakini sio wote wako hewani kwa wakati mmoja. Ndani mpangaji anaweka rauta yake na paswedi yake, akimpa shemeji yake ni juu yake.

TV ndo wengi wanachemka. Ungo mmoja unatosha jengo zima kama wote wanatumia kampuni moja, ila kila mtu awe na king'amuzi chake na alipie mwenyewe. Sasa fundi wa mtaani atakuja na kile kigawanyio cha elfu tano, mkatalie! King'amuzi huwa kinapeleka volti 13 au 18 kule kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya ungo, kuchagua upande wa mawimbi, kwa hiyo jirani akibadili chaneli, kwako mechi inaganda. Nyumba nne, nunua LNB ya matundu manne. Nane, ni LNB ya kwatro, ambayo kila tundu linatoa aina yake ya mawimbi, na maltiswichi, kiboksi kinachompa kila king'amuzi mawimbi anayotaka. Kigawanyio cha kawaida ni cha antena ya kawaida ya juu ya paa tu, sio ungo, na busta ya kukuza mawimbi ikae karibu na antena kabla hujagawa, ukiiweka mwishoni inakuza chenga.

Weka na UPS ndogo, betri ya akiba umeme ukikatika, ya rauta na swichi, vipeleke kwenye LUKU ya korido wala sio ya mpangaji, mimi nilishalaumiwa kwa hilo. Na kila waya andika namba ya nyumba kwa maka peni ncha zote mbili, la sivyo fundi ataenda kumkata wa namba 3 aliyelipa amwache wa namba 5 aliyehama.