Jirani anawasumbua usiku kucha? Hivi ndo unamfanya chairmani wa LC asimame na nyinyi

Naandika nikiwa Busia, upande huu wa Uganda, mji wa mpaka ambapo Kiswahili ndo lugha ya soko, ya stendi na ya kugombana na jirani. Hiki nitakachosema nilikifanya vibaya karibu mwaka mzima kabla sijakielewa. Viongozi tuliowachagua wa LC, yaani mabaraza ya mitaa, na LC1 ndo ngazi ya chini kabisa, wanaweza kukusaidia kweli, lakini ukiwaendea peke yako, na hasira zako, bila karatasi yoyote mkononi, watakuitikia tu na utarudi nyumbani vile vile.

Kwangu ilikuwa kafunda, yaani kibaa kidogo cha mtaani. Nyuma ya vyumba tunavyopanga, ukuta kwa ukuta, mtu alifungua mahali pa malwa, ile pombe ya ulezi, na waragi, pombe kali, akafunga spika mbili kubwa kwenye nguzo zikiangalia dirisha la chumba cha watoto. Binti yangu alikuwa P7, darasa la saba, PLE, mtihani wa kumaliza msingi, ni Novemba, na saa sita usiku ukiweka kikombe cha maji mezani unaona maji yanatetemeka duara duara. Alafu hakukuwa na choo pale, kwa hiyo wateja walikuwa wanakojolea ukuta wetu mpaka rangi ya chini ikaanza kuchubuka. Huo ukuta mkumbuke, nitaurudia.

Nilichofanya kwanza ni kutoka usiku, nimevaa leso, nikaenda kumgongea chairmani wa LC1 nikipiga kelele. Akasema sawa mama, nimesikia, nitaongea naye. Miezi ikapita. Nikamwona mtu mbaya, nikasema amekula pesa. Kumbe sikuwa nimefikiria yeye anaishi vipi. Chairmani wa LC1 hana mshahara, kile kiasi serikali ilikuwa inampa wakati huo ni shilingi 120,000 kwa mwaka, mwaka mzima jamani, na anakaa hapo hapo na nyinyi, anazika na nyinyi, watoto wake wanacheza na watoto wa mwenye kafunda. Mwaka 2018 tulipochagua LC1 tulipanga mstari nyuma ya wagombea, kila mtu aliona nani kasimama wapi. Sasa wewe unamwambia akagombane na jirani yake kwa ajili ya neno lako wewe mmoja la usiku? Mpe kitu cha kushika, ili akifika kule aseme "wananchi wameniletea hii, sio mimi".

Kwa hiyo anza hivi. Kwanza kabisa ongea na jirani mwenyewe, mchana, kabla hajafungua, uende na mtu mzima mmoja anayeheshimika. Usiende usiku, mlevi hasikii na wewe mwenyewe una usingizi. Wengine wanaishia hapo hapo, kwa sababu kuna watu kweli hawajui kelele inafika wapi. Akikataa, angalau huko mbele hakuna atakayekuuliza "lakini wewe umeshamwambia?", na hilo swali linaulizwa kila ofisi nakuhakikishia.

Pili, daftari. La shule tu, lile la bei rahisi. Andika tarehe, saa ilipoanza, saa ilipoisha, kilichotokea, nani mwingine alisikia. Usiandike matusi wala "huyu mchawi", andika kama nesi anavyoandika kwenye kadi ya mgonjwa. Wiki tatu zinatosha. Video fupi ya simu inasaidia pia, ila irekodi ukiwa ndani kwako, dirishani, ili isikike kelele inavyokufikia, usiende kuwarekodi watu nyuso zao wakinywa, hapo utaanzisha vita nyingine.

Kwenye kelele sheria ipo na ina namba. Kanuni za kelele za mwaka 2003, zile zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinasema sehemu ya makazi mwisho ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unahesabiwa kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Makazi yaliyochanganyika na biashara na starehe ni 55 mchana na 45 usiku. 35 ni kama watu wananong'ona, spika ya kafunda haiwezi kukaa humo. Programu za kupima kwenye simu sio ushahidi wa mahakamani lakini mzee wa LC akiona mwenyewe kwenye skrini namba 80 saa saba usiku, anaelewa haraka.

Tatu, na hapa ndo penye kazi, tafuta wenzako. Zunguka vyumba, ongea na mama wa chumba cha pili, mwenye duka, mwalimu, bodaboda anayelala mchana. Msibebe mambo kumi, chagueni mawili. Wapangaji mara nyingi wanasema "mimi sio wa hapa, mimi mpangaji tu". Waambie ukweli, baraza la kijiji kisheria ni kila mkaaji wa miaka 18 na kuendelea, halijasema mwenye nyumba. Ila hakikisheni majina yenu yako kwenye kitabu cha LC, wengine tumekaa miaka mitano hatujajiandikisha alafu tunalia hatusikilizwi.

Barua iwe ukurasa mmoja. Yetu ilikuwa hivi: "Mheshimiwa Mwenyekiti LC1. Sisi wakazi 14 tuliosaini hapa chini tunaomba msaada wako. Tangu mwezi wa Julai muziki wa kilabu kilicho nyuma ya nyumba zetu unapigwa mpaka saa nane usiku, na wateja wanajisaidia ukutani kwa sababu hakuna choo. Tulimwona mwenyewe mara mbili, hakubadilika. Tunaomba uitishe kikao ndani ya siku 14, spika zigeuzwe, muziki uzimwe saa nne usiku, na choo kijengwe." Unaona, tumesema tunataka nini. Barua nyingi zinalalamika tu kurasa tatu, kiongozi anamaliza kusoma hajui afanye nini.

Peleka nakala mbili, moja ibaki kwake, ya pili akugongee mhuri na tarehe, urudi nayo. Msipeleke mmoja, nendeni watatu, asubuhi, mkae mnywe hata chai. Na nakala nyingine mpe difensi, yule katibu wa usalama wa LC1, maana mambo ya usalama kwenye kamati ni yake. Wa kwetu mwenyewe alikuwa anakunywa pale na mrija wake, lakini alipoona majina 14 na la dada yake likiwemo, alikuja kwenye kikao.

Kuhusu lugha, kwa LC1 andika lugha anayoisoma vizuri, sisi tuliandika Kiswahili na mzee alifurahi. Kuanzia divisheni kwenda juu mtafute mtu awaandikie Kiingereza, maana Kiswahili kimo kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005 lakini maofisini Kiingereza ndo kinatembea.

Sasa mjue LC1 anaweza nini, watu wengi wanachanganya hapa. Sheria ya korti za LC ya mwaka 2006 inawapa kesi za madeni, mikataba, kupigwa, kuharibiwa mali, kuingiliwa kiwanja, thamani isizidi shilingi milioni 2, na pia mtu aliyevunja sheria ndogo za eneo lenu. Nguruwe wake wamekula mihogo yako, kijana wake amekupiga ngumi, hiyo ni korti ya LC. Hakuna wakili, unajieleza mwenyewe, kikao kiko wazi. Wanaweza kuamuru mtu aombe msamaha, aonywe, alipe fidia, mpatanishwe. Hawawezi kumfunga mtu, hawawezi kumchapa viboko, hawawezi kumfukuza kijijini, na ukisikia mtu anapendekeza hayo kwenye mkutano mkatae hata kama jirani amekuchosha namna gani, kwa sababu kesho watakufanyia wewe. Usiporidhika unakata rufaa LC2, alafu LC3, alafu kwa hakimu mkuu, usikawie. Ada ikiombwa lipa, lakini dai risiti. Akitaka pesa ya pembeni hilo ni jambo la IGG, ile ofisi ya serikali ya kupambana na rushwa.

Kelele na uchafu mara nyingi hazifiki kortini, zinamalizwa kwenye kikao cha kamati. Chetu kilikuwa Jumapili saa kumi, chini ya mwembe. Wazungumze watu wachache, waliochaguliwa mapema. Mimi nilisoma tarehe tu kwenye daftari, moja baada ya nyingine, sikuongeza neno, na ile kusoma ilimfanya mwenye kafunda ainamishe kichwa kuliko matusi yote niliyowahi kumtupia. Tukakubaliana, akasaini, katibu akaandika kwenye kitabu. Msiondoke bila kuandika.

Baada ya wiki tatu akarudia. Hapo ndo mnapanda ngazi, na mnapanda na karatasi ile ile, safari hii chairmani ameandika barua yake na mhuri wake juu ya yenu. Kwa mjini seli ndo LC1, wodi ni LC2, divisheni ni LC3. Mtafute kansala wenu wa divisheni, yaani diwani, huyu watu wanamsahau sana, na ana faida mbili: anaweza kusimama kwenye kikao cha baraza aulize, na anajuana na maofisa. Leseni ya biashara haitoki kwa LC1, inatoka kwa manispaa, na mtu wa afya, yule inspekta, ana uwezo juu ya vyoo na uchafu. Kansala wetu alikuja naye siku ya kazi, saa nne asubuhi, hakuna hata muziki. Hakupima kelele. Aliangalia ule ukuta wetu, akauliza choo kiko wapi, hakuna, akampa mwenye kafunda muda wa kuchimba au afungiwe biashara. Spika zikapungua sauti wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenye malalamiko yenu tafuteni lile ambalo ofisa analiona kwa macho yake mchana.

Mbunge msimwendee kwanza. Kazi yake ni sheria na kuisimamia serikali, akipokea simu yako atampigia meya au RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na watamuuliza LC1 anasemaje, mnarudi pale pale. Mtumieni kama divisheni imenyamaza baada ya barua mbili zenye mhuri, au kama tatizo ni la vijiji vingi. RDC hachaguliwi, anateuliwa na rais, lakini kwenye usalama ana sauti kubwa, nakala moja impelekee.

Kuna mambo hayangoji kikao. Vitisho vya panga, mtoto kuguswa vibaya, wizi wa nguvu, mtu kupigwa mpaka kuumia, hayo moja kwa moja polisi, chukua namba ya kesi, alafu LC1 aambiwe baadaye. Msikubali mzazi akalishwe na mhalifu ili "wamalize kinyumbani". Kwa mtoto, polisi wana dawati la watoto na familia, uliza hilo.

Ndugu zetu wa Kongo walioko Nakivale, Kyangwali na makambi mengine, kwenu njia ni RWC1, kamati ya wakimbizi ya ngazi ya chini, viongozi mliowachagua wenyewe, alafu wanapanda mpaka kwa kamandanti wa ofisi ya waziri mkuu. Ila mkimbizi anayekaa Kampala, Katwe au Nsambya, LC1 wako ni yule yule wa jirani zako, nenda na kadi yako ujiandikishe.

Mkishakubaliana rudini kwa chairmani baada ya wiki mbili mumwambie inaendaje, hata kama inaenda vizuri, maana yeye husikia tu watu wakiwa na shida. Na kama unahama kabla mambo hayajaisha, lile daftari usiondoke nalo. Langu fotokopi nilimwachia mama wa chumba namba nne, na lenyewe liko kwenye faili la katibu.