SOMO: Kuandika andiko la kuombea fedha za utafiti, na kumfundisha mwingine

Wakuu, maandiko mengi hufia kwenye utangulizi. Kurasa nne za historia ya tatizo, na mpitiaji, yaani mtaalamu anayempimia mfadhili maandiko, ambaye ana rundo la mengine mezani, bado hajajua unataka kufanya nini.

Hatua ya 1: Soma tangazo la mfadhili kalamu mkononi. Pigia mstari kila "lazima" na kila kigezo cha alama. NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, kwa mfano, hupima mchango wa kitaaluma na manufaa kwa jamii. Ukinyamazia la pili umejifunga goli mwenyewe. Wazo lisipoendana na tangazo, subiri tangazo jingine.

Hatua ya 2: Andika malengo kwanza, ukurasa mmoja tu. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, huudai ukurasa huo. Mfadhili wako asipoudai, uandike vilevile. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Linganisha:

"Kuchunguza changamoto za unyonyeshaji."

"Kupima kama mhudumu wa afya akimtembelea mama mara mbili katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua, akina mama wengi zaidi watanyonyesha maziwa ya mama pekee hadi mtoto atimize miezi 6."

La kwanza haliwezi kushindwa, ndiyo maana halina thamani. La pili linataja nani, nini, lini, na kipimo. Malengo mawili au matatu yanatosha, na yasining'inie kwenye lengo moja: la kwanza likikwama, mengine yaendelee.

Hatua ya 3: Mbinu. Onyesha hesabu iliyokupa idadi ya sampuli, na utafanya nini mambo yakienda kombo.

Hatua ya 4: Bajeti itoke kwenye mbinu. Mbinu zikisema wasaidizi 6 kwa siku 20, bajeti isome siku 120 za malipo. Ikisoma 80, mpitiaji ataanza kutilia shaka na mengine yote.

Hatua ya 5: Mpe mtu wa fani nyingine asome, kisha akueleze mradi bila kuangalia karatasi. Anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Kufundisha wengine: punguza mihadhara. Wape maandiko mawili, lililofadhiliwa na lililokataliwa (kwa ruhusa ya wenyewe), waketi kama jopo la wapitiaji. Watumie alama za NIH, 1 hadi 9, ambapo 1 ndiyo bora. Kila mmoja atoe alama kimyakimya, kisha wabishane. Wakirudi kwenye maandiko yao, watayakata wenyewe bila kuambiwa.

MASWALI

Mkuu, sina matokeo ya awali. Nifanyeje?
Tafuta ruzuku ndogo za wanaoanza, au uchambue takwimu zilizokwisha kukusanywa na wengine. Usiahidi jaribio kubwa ukiwa mikono mitupu.

Nimekataliwa. Nipeleke lilelile kwa mfadhili mwingine?
Hapana. Soma maoni, yaache siku kadhaa hasira ipoe, kisha usome tena. Wapitiaji wawili wakilalamikia jambo moja, tatizo ni lako. Mmoja akikuelewa vibaya, mara nyingi sentensi ndiyo mbovu.

Mwanafunzi wangu anataka nimwandikie malengo. Nikubali?
Usimwandikie. Muulize, "Mwisho wa mradi utakuwa na jibu gani ambalo leo huna?" Atakachojibu kwa mdomo akiandike hivyohivyo, ndipo mkae mkinyooshe pamoja.