Vali za maji viwandani: namna ya kuitambua hitilafu kabla ya kufungua bolti

Vali ya maji inapoanza kuvuja au kugoma kufunga, fundi mwenye haraka hukimbilia spana. Nashauri spana ingoje kidogo. Vali ina vipande vichache, na karibu kila kipande kinapoharibika huacha dalili yake: mahali maji yanapotokea, sauti inayosikika ndani ya bomba, uzito wa gurudumu linapozungushwa, na tofauti ya presha kati ya upande wa kuingilia maji na upande wa kutokea. Anayezisoma dalili hizo hutengeneza kile tu kilichoharibika. Asiyezisoma huishia kubadilisha vali nzima, na baada ya miezi michache hiyo mpya nayo huvuja vilevile, kwa kuwa kilichoiua ya kwanza bado kimo ndani ya bomba.

Je, vali inafanya kazi iliyoundiwa?

Swali hili hutangulia mengine yote, kwa sababu hitilafu nyingi huzaliwa hapa. Vali ya geti ina kilango chenye umbo la kabari kinachopanda na kushuka, nayo imeundwa ikae wazi kabisa au ifungwe kabisa. Ukiiacha nusu wazi ili kupunguza mtiririko, maji hupita kwa kasi kubwa chini ya ukingo wa kilango, kilango hutetemeka, na taratibu ukingo na kikalio chake, yaani mahali kilango kinapokaa ili kuziba, huchimbika mifereji myembamba. Siku utakapotaka kuifunga kabisa haitaziba tena, hata ukaze kwa nguvu gani.

Kazi ya kurekebisha mtiririko ni ya vali ya globu, ambayo hulazimisha maji kupinda ndani yake na kwa hiyo hupoteza presha kiasi hata ikiwa wazi kabisa, au ya vali nyingine iliyotengenezwa mahususi kwa udhibiti. Vali ya tufe hufunguka na kufungika kwa robo mzunguko. Huo ndio uzuri wake na ndiyo hatari yake, kama itakavyoonekana mbele. Vali ya kipepeo ni nyepesi na hufaa mabomba makubwa, ila sahani yake hubaki katikati ya njia ya maji wakati wote. Ukikuta vali ya geti inatumiwa kama kidhibiti, usihangaike kuikarabati kabla ya kulibadilisha hilo.

Kabla ya kuigusa

Maji baridi huonekana hayana madhara, na ndiyo maana huumiza watu. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 300 lenye presha ya baa 10: maji hayo hukisukuma kilango kilichofungwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani 7. Nguvu hiyo haipungui kwa sababu tu pampu imezimwa. Hubaki imefungiwa ndani ya bomba hadi mtu aitoe.

Kwa hiyo zima pampu na ufunge swichi yake kwa kufuli, funga vali za pande zote mbili za sehemu unayoitengeneza, uzifunge nazo kwa mnyororo na kufuli, uweke kibao chenye jina lako, kisha ufungue koki ya kumwaga maji na kuiacha wazi muda wote wa kazi. Usiiamini geji peke yake, kwani sindano yake inaweza kukwama au tundu lake kuziba kwa tope. Koki iliyo wazi isiyotoa maji ndiyo ushahidi, mradi umehakikisha kwamba nayo haijaziba. Mtu anapolazimika kuingia ndani ya bomba au tangi, vali moja iliyofungwa haitoshi. Zinahitajika mbili zilizofuatana, na koki ya kumwaga maji iliyo wazi katikati yake, au bomba lenyewe litenganishwe kwa kuweka kipande kipofu, yaani bamba lisilo na tundu, kwenye flanji, ule ukingo mpana wa kuungia mabomba kwa bolti.

Maji yanapotokea kwenye spindeli

Huu ndio uvujaji unaoonekana mara kwa mara, na kwa bahati njema ndio mwepesi kutibu. Spindeli, yaani fimbo inayounganisha gurudumu na kilango, hupita katikati ya pete za pakingi za kuzuia maji, zinazobanwa na glandi, kipande kinachokazwa kwa nati. Pakingi ikizeeka hukauka na kusinyaa, na matone huanza kujitokeza. Kaza nati za glandi kwa zamu, kila moja robo mzunguko, hadi matone yakome, na baada ya kila zamu jaribu kuzungusha gurudumu. Ukikaza nati ya upande mmoja tu, glandi itakaa kombo na kuikwaruza spindeli. Ukikaza kupita kiasi, pakingi hugeuka ngumu kama mti na spindeli huanza kuliwa.

Glandi ikiwa imefika mwisho na maji bado yanatoka, pakingi ibadilishwe. Punguza presha kwanza. Baadhi ya vali zina kikalio cha pili juu ya kilango, ambacho huziba njia ya spindeli vali inapofunguliwa hadi mwisho, na wapo wanaobadilisha pakingi kwa kutegemea kikalio hicho huku bomba likiwa na presha. Sikubaliani na desturi hiyo hata kidogo, kwa sababu hakuna namna ya kujua kutoka nje kama kikalio hicho bado ni kizima.

Toa pete zote za zamani kwa ndoano ya pakingi, pamoja na ile ya chini kabisa ambayo watu hupenda kuiacha. Safisha spindeli na uipitishe kucha: mkwaruzo unaoikamata kucha utaimaliza pakingi mpya pia, hivyo spindeli hiyo ing'arishwe au ibadilishwe. Kata pete mpya kwa kuizungushia pakingi kwenye fimbo yenye kipenyo sawa na cha spindeli, mkato uwe wa mshazari. Ziingize moja moja, kila kiungo kiachane na cha pete iliyo chini yake kwa nyuzi 90, kisha kaza nati kwa vidole kabla ya kushika spana.

Vali iliyofungwa inayoendelea kupitisha maji

Thibitisha kwanza kwamba inapitisha kweli. Funga vali, fungua koki ya kumwaga maji iliyo mbele yake, na usubiri maji yaliyobaki bombani yaishe. Mkondo usiokoma ni dalili ya kupitisha. Waweza pia kuegemeza ncha ya fimbo ya chuma kwenye mwili wa vali na sikio kwenye ncha ya pili. Maji yanayopenya mahali pembamba hutoa mlio wa kufyonza.

Mara nyingi kosa ni uchafu tu uliokaa chini ya kilango: jiwe dogo, kipande cha gasketi, au mabaki ya uchomeleaji. Fungua vali mzunguko mmoja au miwili, uyaache maji yapite kwa kasi na kusafisha kikalio, kisha uifunge tena. Rudia mara kadhaa. Usiongeze urefu wa mkono kwa kuchomeka bomba kwenye gurudumu. Nguvu hiyo hupinda spindeli au kupasua nati inayoibeba, na kwenye vali za geti zilizovikwa mpira hukata mpira wenyewe, ambao ndio ulikuwa uzibe.

Kusafisha kusiposaidia, vali ifunguliwe na kikalio kikaguliwe. Mchanga huacha mifereji laini inayofuata mwelekeo wa maji. Mpira uliovimba na kulainika huashiria kemikali isiyopatana nao. Mpira wa EPDM, kwa mfano, hufaa sana kwa maji lakini huharibiwa na mafuta ya petroli na grisi zake, hivyo grisi ya kupaka humo iwe ya silikoni. Shaba nyeupe iliyogeuka nyekundu na yenye vitundu kama sifongo imepoteza zinki yake, jambo linalotokea hasa katika maji yenye kloridi nyingi. Hapo dawa ni kuchagua aloi (mchanganyiko wa metali) nyingine, kwa maana kipande kipya cha aloi ileile kitafuata njia ileile.

Gurudumu zito au lililogoma

Angalia mshale ulio juu ya gurudumu, maana si vali zote hufungwa kwa kuzungushia kulia. Kisha jiulize kama uzito unatokana na presha. Kilango kikubwa chenye presha upande mmoja hubanwa mno kwenye kikalio, na ndiyo sababu vali kubwa huwekewa bomba dogo la pembeni: ukilifungua hilo kwanza, upande mtupu hujaa, presha za pande mbili hukaribiana, na gurudumu huwa jepesi.

Kama ni kutu au ukoko wa chokaa, paka mafuta ya kupenyeza kwenye nyuzi za spindeli zilizo nje, legeza glandi kidogo, kisha zungusha kwa kwenda na kurudi: hatua chache mbele, hatua chache nyuma, ukiongeza kidogo kila safari. Kurudi nyuma huko ndiko kunakoondoa ukoko kwenye nyuzi. Anayesukuma upande mmoja tu huukusanya hadi spindeli ikakatika.

Kelele ndani ya bomba

Mlio kama wa kokoto zinazopita ndani ya vali iliyofunguliwa kidogo ni wa kavitesheni. Maji yanapopenya mahali pembamba, kasi hupanda na presha hushuka. Ikishuka chini ya presha ya mvuke wa maji, mapovu ya mvuke huzuka, kisha mbele kidogo presha inaporudi mapovu hayo hupasukia ndani na kumega chuma. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hufikia hali hiyo kwenye takriban kilopaskali 2.3, lakini yale ya nyuzi 80 huifikia mapema zaidi, kwenye kilopaskali 47 hivi, ndiyo maana mifumo ya maji moto huathirika upesi. Ndani ya vali utaona uso uliokwaruka na kujaa vishimo baada ya kikalio, tofauti na mifereji laini ya mchanga. Kubadilisha chuma kwa kigumu zaidi huchelewesha tu. Tiba ni kugawa upunguzaji wa presha katika vali mbili zinazofuatana, au kuongeza presha upande wa kutokea, au kutumia vali ya udhibiti yenye vizimba vya matundu madogo.

Kishindo kimoja kikubwa vali inapofungwa ni jambo jingine. Ni uzito wa maji yote yaliyomo bombani yakisimamishwa ghafla. Mwanasayansi wa Urusi Nikolai Zhukovsky alilifafanua kwa hesabu mwaka 1898, na hesabu yake bado hutumika: katika bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde ya kasi inayozuiwa ghafla huongeza presha kwa baa 10 hadi 12 hivi. Neno "ghafla" hapa lina kipimo. Katika bomba la urefu wa kilomita 1, wimbi la presha huenda na kurudi kwa sekunde zisizofika 2, na ufungaji wowote unaokamilika ndani ya muda huo huhesabiwa kuwa wa ghafla. Mkono wa vali ya tufe hufunga kwa nusu sekunde. Uwekewe gia, au uvutwe polepole, hasa katika sehemu ya mwisho, kwa kuwa hapo ndipo mtiririko mwingi hukatwa.

Kishindo kikitokea kila pampu inapozimwa, chunguza vali ya kuzuia maji kurudi nyuma. Sahani yake huchelewa, maji huanza kurudi, kisha huipigiza sahani hiyo kwenye kikalio. Vali yenye springi na safari fupi hufunga kabla maji hayajageuka. Ile inayogonga-gonga pampu ikiwa inafanya kazi kwa kawaida ni kubwa kuliko mtiririko uliopo; maji hayatoshi kuishikilia wazi, na pini yake italika.

Vali ya kupunguza presha

Ikiwa presha ya mbele hupanda taratibu wakati hakuna anayetumia maji, vali haifungi kikamilifu. Anza na chujio dogo la mirija ya udhibiti, yaani mirija myembamba inayoiongoza vali, kwa kuwa huziba kuliko kitu kingine chochote. Ikiwa presha inapanda na kushuka bila kutulia, toa hewa kwenye chumba kilicho juu ya kiwambo, ule utando unaoifungua na kuifunga vali. Kukipima kiwambo chenyewe, funga kwanza vali iliyo mbele, maana hatua inayofuata huifungua vali kuu wazi kabisa. Kisha funga koki za mirija ya udhibiti na ulegeze kizibo cha juu. Maji yatatoka kwa muda na kukoma. Yakiendelea kutoka bila kukoma, kiwambo kimechanika.

Kufunga vali mpya, na kuizungusha baadaye

Safisha bomba kwa maji kabla ya vali kuingia, fuata mshale wa mwelekeo, na kaza bolti za flanji kwa msalaba. Vali ya kipepeo iliyovikwa mpira huingizwa ikiwa imekaribia kufungwa ili sahani isigonge flanji, bila gasketi, kisha hufunguliwa kabisa kabla bolti hazijakazwa. Ikikazwa imefungwa, mpira hubanwa vibaya na sahani hugoma. Mahali penye maji ya tope, mhimili wake ulazwe mlalo ili mchanga usijikusanye kwenye beringi ya chini.

Kisha kila vali izungushwe angalau mara moja kwa mwaka, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na idadi ya mizunguko iandikwe kwenye daftari. Kwa vali ya geti, idadi hiyo kwa kawaida huwa mara tatu ya kipenyo kwa inchi, ukiongeza miwili au mitatu. Vali ya inchi 8 itakuwa na mizunguko 26 au 27. Ikisimama kwenye mzunguko wa 20, kilango hakijafika chini: rudi nyuma, isafishe kwa mkondo wa maji, na uhesabu upya.