Samui au tsumetai? Namna ya kuchagua kivumishi cha Kijapani

Fungua kamusi: samui ni baridi, tsumetai nayo ni baridi. Kamusi haijakosea, ila ukitaka kutunga sentensi imekuacha njia panda. Wanafunzi wangu huwa nawapitisha hapa.

Hatua ya 1: Jiulize ni nini kilicho baridi

Samui ni baridi ya hewa, ile inayoupata mwili mzima. Umetoka nje Sapporo, mji wa kaskazini mwa Japani, asubuhi ya Januari: "Kyō wa samui desu ne", leo kuna baridi, sivyo? Tsumetai ni ya kitu unachokigusa au kukinywa: mizu ga tsumetai (maji ni baridi), bīru ga tsumetai (bia ni baridi). Mikono ikiwa kama barafu, sema te ga tsumetai. Upepo unakubali yote mawili: samui kaze unakutetemesha, tsumetai kaze unakuchoma usoni. Halafu kuna mtu asiye na huruma, tsumetai hito, na kichekesho kisichochekesha, ambacho ni samui. Hayo mawili yakariri tu.

Hatua ya 2: Tafuta kinyume chake

Hatua hii ndiyo naiamini kuliko zote. Sisi tuna kamba nyembamba, karatasi nyembamba na mlango mwembamba. Mjapani ana maneno matatu. Kamba nene ni futoi, kwa hiyo nyembamba ni hosoi. Karatasi nene ni atsui (厚い), nyembamba ni usui. Mlango mpana ni hiroi, mwembamba ni semai. Barabara ina ujanja wake: hosoi michi inaeleza umbo, semai michi inalalamika kwamba hapapitiki vizuri.

Kinyume cha samui ni atsui, cha tsumetai pia ni atsui. Kwa sikio ni kitu kimoja, lakini joto la hewa huandikwa 暑い na chai ya moto 熱い.

Hatua ya 3: Angalia ni nani anayehisi

Ureshii ni furaha ya kupata jambo, kama kufaulu mtihani. Tanoshii ni raha ya kulifanya, kama safari. Ila hisia ya mtu mwingine usiitangaze kama yako. "Ani wa ureshii desu" inasikika kana kwamba umeingia moyoni mwa kaka yako. Sema "ureshisō desu", anaonekana ana furaha. Mtoto anayetetemeka naye ni samusō. Kumuuliza mwenyewe hakuna tatizo: "Samui?"