Kabla ya Kumpigia Simu ya Video Daktari wa Mtoto

Kuna mtoto wa kupelekwa, si wa kupigiwa simu. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea hata haamki vizuri, mwahishe hospitali ya Mawenzi ukiwa Moshi, ya Mount Meru ukiwa Arusha, au kituo cha afya kilicho jirani. Mwenye umri chini ya miezi 2 akiwa na homa, vivyo hivyo. Kwa hiyo namba ya bajaji au ya jirani mwenye gari iwe tayari kabla ya namba ya daktari.

Kwa mengine simu inasaidia kweli, ila daktari hawezi kusikiliza kifua wala kubonyeza tumbo akiwa mbali. Anategemea macho yako.

Anza na pumzi. Subiri mtoto atulie, mpandishe nguo hadi kifua na tumbo vionekane, uhesabu kila pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu pumzi za watoto, hasa wachanga, hukimbia na kupoa. Kasi inayotia shaka ni 60 na zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 na zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Aliyefika hapo aonwe ana kwa ana siku hiyohiyo. Yule wa chini ya miezi 2, papo hapo. Tazama pia chini ya mbavu: pakibonyea ndani kila anapovuta hewa, mpeleke. Baridi ya Julai inapobana, watoto wa huku huvikwa masweta mawili matatu, na kubonyea huko hujificha humo.

Kisha dawa. "Nimempa kijiko kimoja cha panado" haimwambii daktari kitu, maana kuna chupa yenye miligramu 120 kwa mililita 5 na nyingine yenye 250. Piga picha ya lebo, andika mililita ulizompa na saa uliyompa. Uzito nao ni wa lazima, kwani dozi ya mtoto hufuata kilo. Kama uliopo kwenye kadi ya kliniki ni wa zamani, panda mzani ukiwa umembeba, upande tena peke yako, kisha utoe: 68.4 kutoa 59.2 ni kilo 9.2.

Vipele na macho ya njano vipigiwe picha mchana, mlangoni. Taa ya njano hubadilisha rangi, na kivuli cha migomba hufanya hivyohivyo. Weka sarafu kando ya kipele ili ukubwa ujulikane. Kama mnaishi mlimani ambako mtandao hukatika, rekodi video ya nusu dakika ya mtoto akipumua na uitume mapema.

Mwulize daktari jina lake na namba yake ya usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Aliye halali hatachukia. Akitaka kuanzisha dawa ya malaria bila kipimo, omba kwanza mtoto akapimwe zahanati, tone moja la damu tu.

Kabla ya kukata simu, akutajie dalili za kukufanya uondoke nyumbani na saa ya kumpigia tena. Ziandike uziache karibu na kitanda, maana atakayekesha na mtoto huenda akawa bibi yake.