Jinsi ya kuchora wanyama pori na kutoa printi: chui, jagwa na duma, kuanzia penseli mpaka nakala ya mwisho

Mwaka wa kwanza naanza kuuza printi nilitoa nakala 40 za jagwa, yule paka mkubwa wa Amerika ya Kusini. Karatasi nzuri, rangi imekaa, nikazipanga mezani kwenye maonyesho nina furaha kabisa. Akaja kijana mmoja anasomea mambo ya wanyamapori, akasimama anaangalia muda mrefu alafu akasema kwa upole tu, "dada, mbona huyu ni chui?" Nikaangalia tena na kweli alikuwa chui, nilichora madoa ya chui nikaandika chini jagwa, na nakala 11 zilishaondoka zipo ukutani kwa watu.

Toka siku ile kazi yangu nzima imebadilika. Mchoro wa mkono ukikosea umekosea mara moja, ila printi ikikosea inakosea mara 40, na kila aliyenunua anaamini ndo mnyama alivyo. Na sio sisi tu. Mwaka 1515 kifaru alisafirishwa kwa meli kutoka India, wakapita Msumbiji, mpaka Lisbon kule Ureno, na Mjerumani mmoja anaitwa Albrecht Dürer akamchora bila kumuona, yeye alikuwa na barua na mchoro mdogo wa mtu mwingine. Akatoa printi ya ubao wa kuchonga, kazi nzuri ajabu, ila kifaru kawekewa kipembe cha ziada juu ya mabega na ngozi kama vyuma vya askari. Printi zile zikasambaa Ulaya, wengine wakazinakili, na kile kipembe kikaendelea kuchorwa zaidi ya miaka 200. Printi ina nguvu hiyo, kwa hiyo kabla hujafikiria karatasi na bei, mjue mnyama wako kwanza.

Nitatumia hawa paka watatu wenye madoa kwa sababu ndo nawachora sana na ndo watu wanawachanganya sana, ila njia ni ile ile hata ukichora pengwini au dubu.

Chui madoa yake yamejikusanya duara kama ua dogo na katikati ya ua pako wazi, rangi ya dhahabu iliyokolea kidogo, hamna kitu. Jagwa maua yake ni makubwa zaidi na machache, alafu ndani ya maua mengi kuna vidoti vyeusi kimoja au viwili au zaidi, hicho ndo nilichokosea mimi. Jagwa pia kichwa kipana, taya limejaa, miguu mifupi minene na mkia mfupi kuliko wa chui. Duma yeye hana maua kabisa, ana doa moja moja la duara lililojaa weusi, kifua kirefu cha kina, kiuno chembamba, na mistari miwili myeusi inatoka kwenye pembe ya jicho inashuka hadi mdomoni kama machozi. Ukimuwekea chui machozi umeharibu, ukimnyima duma machozi umeharibu zaidi.

Kingine ni jicho. Watu wanaangalia paka wa nyumbani wanachora mboni ya kusimama kama mchirizi, kumbe chui, jagwa, duma, simba, hata taiga, mboni zao ni za duara. Ila paka wa nyumbani usimdharau, kwenye mwili ni mwalimu mzuri sana, mkalie akiwa ananyemelea kitu uone mfupa wa bega unavyopanda juu ya mgongo huku kichwa kimeshuka, chui anafanya vile vile. Na lile "goti" la nyuma linalokunjika kinyume sio goti, ni kifundo, kisigino chake kiko juu hewani kwa sababu anatembea kwa vidole. Goti lenyewe liko juu karibu na tumbo. Ukilielewa hilo umeelewa miguu ya nyuma ya punda milia, swala, mbwa, wote, na hata heroe, lile linaloonekana goti lake ni kifundo pia.

Picha za kuangalizia: usichukue picha moja ya mtu mtandaoni ukaifuata mstari kwa mstari, ile ni kazi ya mtu, alilala porini kuipata, na ukiiuza umeuza jasho lake. Mimi nakusanya picha 15 au 20 za mnyama huyo huyo, pande zote, kutoka moja najifunza sikio, kutoka nyingine unyayo, alafu pozi natunga mwenyewe. Wikimedia Commons, hifadhi ya picha ya mtandaoni, ina picha nyingi zenye ruhusa imeandikwa wazi, soma ruhusa yenyewe maana zinatofautiana. Michoro ya zamani ambayo hakimiliki yake imeisha ipo mingi Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya viumbe, bure kabisa, nzuri kwa kujifunza mistari. Video nazo zinasaidia, simamisha, chora dakika moja, iachie iendelee, simamisha tena. Na kama uko karibu na Nairobi, ukumbi wa ndege waliokaushwa pale Makumbusho ya Taifa unakaa hata nusu siku na daftari lako, ndege hakimbii.

Sasa mchoro wenyewe. Anza na penseli ngumu kidogo kama 2H kwa mkono mwepesi, mabega, kifua, nyonga, kama mafungu matatu yaliyounganishwa na uti wa mgongo. Madoa bado. Nasema bado kwa sababu hapa ndo wengi wanaharibu, mwili ukishatoka tu wanaanza kunyunyizia madoa kama wanachora kitambaa kilichotandikwa mezani, na mnyama analala chali hapo hapo, anakuwa bapa. Mwili wa chui ni wa mviringo kama gunia. Kwa hiyo chora kwa penseli mistari inayouzunguka mwili, kama kamba zilizofungwa kwenye gunia la mkaa, nyembamba sana utazifuta baadae, alafu panga madoa yafuate kamba hizo. Doa la katikati ya ubavu linaonekana lote, pana. Linaposogea kwenye ukingo wa mgongo au tumbo linabanwa, linakuwa jembamba kama mbegu ya boga iliyolazwa. Kichwani madoa ni madogo na yamejaa, shingoni yanaanza kukua, ubavuni ndo maua yanafunguka, miguuni yanarudi kuwa madoa mazito yaliyojaa, na karibu na ncha ya mkia yanakuwa pete. Chukua muda hapa. Mimi chui mmoja saizi ya A4 madoa peke yake yananila siku nzima na sijutii.

Masharubu yanaota kwenye vidoti vyeusi vilivyopangwa kwa safu mdomoni, kwa hiyo chora safu za vidoti kwanza. Yenyewe yaache meupe, ama unapita pembeni yake na rangi, ama mwishoni unayarudisha na rangi nyeupe nzito na brashi nyembamba kwa mkupuo mmoja, ukisita sharubu linatetemeka.

Kama unatumia wino kabla ya rangi za maji hakikisha ni wino usioyeyuka. Usiamini maandishi ya kwenye kichupa, chora mstari kwenye kipande cha karatasi, acha ukauke vizuri, pitisha brashi yenye maji, ukiona kijivu kinatoka achana nao. Karatasi iwe ya gramu 300, nyepesi inajikunja kama chapati ukiilowesha na hata skana haitailaza vizuri. Rangi anza na nyepesi kabisa uende kwenye nzito, na chui usimpake njano ya yai mwili mzima, mgongoni dhahabu imekolea, ubavuni inafifia, tumboni ni nyeupe yenye kivuli cha kijivu kinachoelekea bluu.

Kuskani. Simu inaweza kukuokoa kwa kuposti tu, kwa printi tafuta skana ya kufunika kama mashine ya fotokopi. Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, hifadhi faili kama TIFF sio JPEG, maana JPEG inabana faili na kupoteza vitu vidogo vidogo. Kwa nini 600? Printi nzuri inataka pikseli 300 kwa kila inchi, A4 ni pikseli 2480 kwa 3508 na A3 ni 3508 kwa 4961, kwa hiyo mchoro wa A4 ukiuskani kwa 600 una uwezo wa kuutoa mpaka A3 bila masharubu kuwa ngazi ngazi. Mchoro ukiwa mkubwa kuliko skana skani vipande viwili vinavyopishana kidogo uviunganishe kwenye kompyuta, programu za GIMP na Krita ni za bure na zinatosha. Hapo safisha vumbi, nyoosha, rudisha weupe wa karatasi kuwa weupe, ila usiongeze rangi kupita mchoro wako, mnyama akianza kuwaka kama tangazo rudi nyuma.

Kwenye kuprinti muulize fundi mambo matatu kabla hujatoa hela. Wino ni wa aina gani, kwa sababu wino wa pigmenti unadumu kwenye mwanga miaka mingi na ule wa kawaida wa printa za picha za bei rahisi unapauka haraka ukikaa karibu na dirisha. Karatasi gani, mimi napenda ya pamba isiyong'aa, isiyo na asidi, gramu 200 kwenda juu, maana ya kung'aa inafanya mchoro wa rangi za maji uonekane kama kalenda. Na anataka faili la RGB (mpangilio wa rangi za skrini) au CMYK (mpangilio wa wino wa kuchapa), mashine nyingi za wino za kutoa sanaa zinapokea RGB vizuri, zile kubwa za kuchapa maelfu kwa sahani ni CMYK, na ukibadilisha mwenyewe bila kujua machungwa na kijani vinafifia ukabaki unashangaa.

Alafu sampo. Tafadhali, hata kama foleni ni ndefu na fundi anakwambia rangi iko sawa, lipia nakala moja kwanza, toka nayo nje mlangoni kwenye mwanga wa jua wa kivulini, iweke sambamba na mchoro halisi. Taa za dukani zinadanganya. Mimi niliwahi kulipia 25 kwa mkupuo, kufika nyumbani matumbo yote ya chui yana ukijani, hela imeondoka. Saivi naweza kurudi mara tatu kwa ajili ya sampo na mafundi wamenizoea.

Kama hela ya printa hamna kabisa kuna njia ya mkono, unachonga kwenye kipande cha lino, lile tandiko laini kama la sakafuni, kwa vipatasi vidogo, unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu na kusugua kwa mgongo wa kijiko. Inamfaa sana mnyama wa madoa au milia kwa sababu ni weusi na weupe tu. Kumbuka picha inatoka kinyume, chui anayeangalia kushoto kwenye lino ataangalia kulia kwenye karatasi, na jina lako lichongwe kinyume pia. Kila nakala inakuwa na utofauti wake kidogo na wanunuzi wanaipenda kwa hilo.

Kuhusu Tingatinga maana nitaulizwa: ile ni kazi nyingine kabisa. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na rangi za mafuta zile nzito za kung'aa kwenye mbao, na wanyama wa mtindo ule hawajaribu kuwa na mifupa sahihi, wana uhai wa namna yao. Ukichora Tingatinga chora Tingatinga. Nachozungumzia hapa ni pale unapoandika jina la mnyama chini ya picha na mtu anakuamini.

Nakala zikitoka, kama ni toleo lenye idadi andika kwa penseli chini ya picha, kushoto namba mfano 12/50 yaani nakala ya 12 kati ya 50, katikati jina la mnyama, kulia sahihi. Penseli, sio kalamu, wino wa kalamu unavuja na kupauka. Ukishasema 50 ni 50, faili lile usiprinti tena kwa saizi ile hata mtu akija na hela nzuri, waliotangulia walilipia ahadi. Bei piga hesabu ya karatasi na wino, kifungashio, usafiri, alafu gawanya na siku zako za kuchora kwa idadi ya nakala, wengi tunasahau hizo siku.

Wale wa Pwani unyevu ndo adui. Hifadhi printi zimelala bapa, karatasi isiyo na asidi katikati ya kila moja, na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vitie kwenye boksi lako. Kwenye fremu weka karatasi nene ya kuzunguka picha ili kioo kisiguse printi, ikigusa unyevu unaigandisha na kuibandua haiwezekani. Kutuma mkoani nakata bomba la plastiki la maji lile pana la dukani kwa mafundi, vifuniko pande zote mbili, printi imeviringishwa upande wa picha ukiwa nje na karatasi laini juu yake, kwenye basi hata wakiliwekea gunia juu halibonyei. Namwandikia mteja kikaratasi ndani: ukifungua usiilazimishe inyooke, ilaze mezani uso juu, weka vitabu pembeni kwenye kona nne, iache mpaka kesho yake asubuhi ndo uipeleke kwa fundi fremu.