Namna ya Kukusanya Chapa za Kwanza Zenye Saini na Barua za Waandishi wa Kiswahili

Mkusanyaji anayeanza akiwa Mtwara au Lindi hana haja ya kwenda kutafuta Ulysses, riwaya ya James Joyce, iliyotolewa Paris mwaka 1922 kwa nakala 1,000 zenye namba, 100 za kwanza zikiwa na saini ya mwandishi. Fasihi ya Kiswahili nayo, kama ya Joyce, ina wanausasa wake, yaani waandishi waliothubutu kuvunja kanuni za zamani za uandishi, na mahali pazuri pa kutafuta vitabu vyao ni kwa walimu wastaafu wa Masasi, Newala na Nachingwea. Hata hivyo, vitabu hivyo havikutiwa namba, kwa hiyo kazi ya kuthibitisha ni ya mkusanyaji mwenyewe.

Anza na ukurasa wa hakimiliki. Mwaka wa hakimiliki peke yake hautoshi, kwa sababu unaweza kubaki uleule hata kitabu kikichapwa upya mara nyingi. Tafuta pia orodha ya miaka ya kupigwa chapa na jina la mchapishaji. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mmoja wa wanausasa hao, ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971, hivyo nakala yenye jina la Kenya Literature Bureau, shirika lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, si chapa ya kwanza hata muuzaji akiapa. Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, ilitolewa na Heinemann mwaka 1974. Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 ni za Dar es Salaam University Press, nami ningependa uanze na hizo mbili, kwani sioni riwaya za Kiswahili zilizothubutu zaidi, na wembamba wake unazifanya zipotee kirahisi.

Saini isiyo na historia ni wino tu. Muulize mwenye kitabu, kwa heshima na bila haraka, nani alisainiwa kitabu hicho, wapi na kwa sababu gani, kisha uandike majibu hayo kwenye karatasi ya pembeni siku hiyohiyo. Saini yenye jina la aliyepewa kitabu na tarehe huaminika zaidi kuliko saini tupu. Ukikuta muhuri wa shule, usinunue mpaka uhakikishe kwamba shule yenyewe ilikiondoa kitabu hicho kwa utaratibu halali.

Barua isitenganishwe na bahasha yake, kwa maana stempu na muhuri wa posta ndio mashahidi wa kwanza. Kezilahabi alifundisha Dar es Salaam kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Botswana. Barua ya mwaka 1975 yenye stempu za Botswana inadai maelezo. Kumbuka pia kwamba kumiliki karatasi hakukupi haki ya kuchapisha maneno yaliyomo; haki hiyo hubaki kwa mwandishi na warithi wake.

Pwani yetu ina unyevu, ukungu na mchwa. Rafu iwe na miguu, isiguse ukuta, na vitabu visibanane. Usitumie selotepu, usifunike kurasa kwa plastiki ya kugandishwa kwa moto, wala usipulizie dawa ya wadudu juu ya kurasa. Kitabu chenye wadudu kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikae kwenye friza wiki mbili, kisha kiachwe ndani ya mfuko huohuo siku nzima baada ya kutolewa, ili jasho la baridi liishie nje ya plastiki.